Kwa Nini Boga Kubwa Hupasuka Likiwa Bado Shambani?

Umelima boga. Umelipalilia, umelilinda na mbuzi, umelihesabia siku. Asubuhi moja unafika shambani unakuta limepasuka ubavu mzima. Mbegu zinaonekana, siafu wameshafika. Unashika kiuno. Jana jioni si lilikuwa zima? Nani kalifanya hivi?

Leo tutajifunza jibu la swali hilo. Tutaanza na kisa kifupi cha mfano. Kisha tutaona jinsi boga linavyokua, kwa nini linapasuka, na jinsi ya kulikinga. Soma polepole. Ukiweza, msomee na mwenzako.

KISA: BOGA NA KIDOLE

Mama mmoja, mhitimu wa kisomo, alikuwa na maboga manne makubwa. Aliyapanda pale lilipokuwa zizi la zamani, penye samadi nyingi. Alikusudia kuyauza siku ya gulio apate fedha ya sare ya mwanawe.

Jioni moja jirani yake alipita njiani. Akasimama, akanyoosha kidole, akasema, "Mwenzangu, boga lile limekuwa kama mtungi!"

Wengi wetu tulikatazwa utotoni: usilinyooshee boga kidole, litaoza. Siku tatu baadaye boga lile likapasuka. Kesho yake likapasuka la pili. Basi, mama akasema moyoni, "Ni kidole kile kile." Siku kumi hawakusalimiana. Watoto wakakatazwa kucheza pamoja. Hata kisimani, mmoja akifika mwingine anajitwika ndoo yake anaondoka, hata kama haijajaa.

Siku ya kumi na moja bibi shamba akapita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lakini mimi sina la kukuonyesha. Nimeharibiwa."

Mama akamweleza yote. Bibi shamba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, mvua ilinyesha lini hapa?"

Mama akaleta daftari lake. Tangu amalize kisomo alikuwa na desturi ya kuandika mambo ya shamba kila jioni. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari:

"Tarehe 10: jua kali. Siku 19 hakuna mvua. Jirani kapita jioni. Tarehe 11 usiku: mvua kubwa. Tarehe 12 usiku: mvua tena. Tarehe 13 asubuhi: boga limepasuka."

"Sasa twende tukaone nyanya za jirani," akasema bibi shamba.

"Kwake mimi siendi."

"Twende tu, mama."

Wakaenda. Bustanini kwa jirani walikuta nyanya nyingi zina nyufa kavu zilizozunguka kikonyo kama pete.

"Hizi zilipasuka lini?" bibi shamba akauliza.

Jirani akainama chini. "Asubuhi ile baada ya mvua mbili. Mimi nilidhani mwenzangu kanitupia jicho, maana ndipo alipoacha kunisalimu."

Wote watatu wakanyamaza kidogo. Bibi shamba akasema, "Haya, boga lilinyooshewa kidole. Na nyanya hizi, nani alizinyooshea?"

Ndugu msomaji, weka kisa hiki akilini. Tutakirudia mwishoni. Sasa tuingie kwenye somo.

BOGA HUKUAJE?

Boga huanza na ua la kike. Ua hilo lina kiboga kidogo chini yake. Nyuki wakileta mbelewele kutoka kwenye ua la kiume, kiboga hushika na kuanza kukua. Wasipoleta, hukauka na kudondoka.

Boga, kama kila kiumbe hai, limejengwa kwa vijumba vidogo sana viitwavyo seli. Hatuwezi kuviona kwa macho matupu. Siku za mwanzo seli hujigawa, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne. Baadaye seli hazizidi sana idadi, ila kila moja hujaa maji na kuvimba. Hapo ndipo boga hunenepa upesi.

Maji hayo hutoka wapi? Mizizi huyanyonya ardhini. Majani nayo hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua. Maji na sukari husafiri ndani ya mtambaazi, yakapita kwenye kikonyo, yakaingia ndani ya boga. Boga bichi karibu sehemu 9 kati ya 10 ni maji. Kwa hiyo ukiona boga limenenepa, jua kwamba kwa sehemu kubwa limejaza maji.

Mchana wa jua kali majani hupoteza maji mengi hewani. Usiku majani hayapotezi maji mengi, lakini mizizi bado inanyonya. Ndiyo sababu tunda hulala zima na kuonekana limepasuka asubuhi. Hakuna aliyekuja usiku na panga. Kazi imefanywa na maji.

TUANGALIE ANDAZI

Akina mama wanaokaanga maandazi wanalijua jambo hili, ila pengine hawajaliunganisha na boga.

Mafuta yakiwa ya moto sana, andazi hukauka nje upesi na kuwa na ganda gumu. Lakini ndani unga bado unaumuka. Ndani kunataka kupanuka, nje kumekataa. Matokeo yake nini? Andazi linapasuka ubavuni.

Boga ni vivyo hivyo. Nyama ya ndani inavimba. Ganda la nje linapaswa kutanuka pamoja nayo. Vikienda sawasawa, boga hukua salama. Ndani kukikimbia na nje kukibaki nyuma, ganda huchanika.

Hilo ndilo jambo kubwa la somo hili: boga hupasuka pale ndani linapokua upesi kuliko ganda linavyoweza kutanuka.

MABOGA MAKUBWA KULIKO YOTE

Katika nchi za Marekani, Kanada, Uingereza na nyinginezo, wako wakulima wanaoshindana kulima boga zito kuliko yote. Wengi hutumia mbegu iitwayo Atlantic Giant. Mbegu hiyo ilikuzwa na mkulima Howard Dill wa jimbo la Nova Scotia, Kanada. Alichagua mbegu za maboga yake makubwa, mwaka hata mwaka. Kuanzia 1979 hadi 1982 alishinda mashindano ya dunia mara nne mfululizo.

Baada yake uzito ukazidi kupanda. Mwaka 2023, huko Half Moon Bay, California, boga moja lilipimwa likapatikana na kilo 1,247. Ilikuwa rekodi ya dunia wakati huo. Mwaka 2025 boga la Uingereza likalipita. Fikiri: gunia la mahindi tukilihesabu kilo 100, boga moja ni zaidi ya magunia 12!

Boga la namna hiyo, siku linapokua kwa kasi kubwa, huweza kuongeza karibu kilo 20 kwa siku moja. Hizo ni sawa na debe zima la maji. Sasa jiulize: ganda gani litatanuka debe moja kila siku bila kuchoka? Ndiyo maana maboga hayo hupasuka mara nyingi. Mkulima anaweza kulitunza tunda moja miezi mitatu, halafu likapasuka siku chache kabla ya shindano. Na sheria ni kali: boga lenye ufa uliopenya hadi kwenye uwazi wa ndani haliruhusiwi kushindana. Kazi yote imekwenda bure.

Sisi hatulimi maboga ya kushindana. Letu ni la kula na kuuza. Lakini ganda ni ganda, na maji ni maji. Yanayowapata wale kwa kiasi kikubwa hutupata sisi kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo tunaweza kujifunza kwao.

SABABU TANO ZA KUPASUKA

1. Ukame ukifuatwa na maji mengi. Hii ndiyo sababu inayoongoza. Wakati wa ukame boga hukua polepole na ganda huwa gumu. Mvua kubwa ikija ghafla, mizizi yenye kiu hunywa kwa pupa. Ndani kunavimba, ganda limeshakaza. Nyanya na matikiti hupasuka kwa sababu hii hii, na kabichi iliyokomaa pia hupasuka kichwa.

2. Jua kali kulipiga ganda. Ganda linalopigwa na jua siku nyingi hukauka na kukaza upesi. Boga lililo chini ya kivuli cha majani yake huwa na ganda laini kwa muda mrefu zaidi. Hapa tuwe waangalifu, maana majani ya maboga ni mboga yetu. Ukichuma, usiyamalize yale yanayolifunika boga. Kwenye nyanya ni vivyo hivyo: ukipogoa majani mengi mno, matunda hubaki uchi juani.

3. Mbolea nyingi kupita kiasi. Samadi ni nzuri. Lakini samadi nyingi mno, au mbolea ya chumvichumvi inayokuza majani ikitiwa wakati boga limeshakuwa kubwa, hulisukuma likue kwa haraka. Mama wa kisa chetu alipanda penye zizi la zamani. Maboga yake yalikuwa tayari yanakimbia kabla ya mvua kuja.

4. Tunda moja kubeba chakula chote. Wale wa mashindano hukata matunda yote wakaacha moja tu kwa kila mmea. Maji yote na sukari yote huenda kwa hilo moja. Kwao ndiyo njia ya ushindi, lakini pia ndiyo njia ya hatari. Wewe unayelima chakula huna haja ya kufanya hivyo. Acha mmea ubebe matunda kadhaa. Watagawana chakula kama ndugu.

5. Kikonyo kuvutwa na boga kuelemewa. Boga likikua, bega lake hupanda juu na kuusukuma mtambaazi. Kama mtambaazi umeshikwa na mizizi ardhini, kikonyo huvutwa, na ufa huanza pale pale kinapoungana na boga. Tena boga kubwa hukaa kwa uzito wake lenyewe, likabonyea chini kama mkate uliokaliwa. Likiwa juu ya jiwe au kisiki, sehemu moja hubeba mzigo wote.

TUFANYE NINI?

Hatuwezi kuizuia mvua. Lakini tunaweza kupunguza kishindo chake.

Kwanza, tandaza nyasi kavu kuzunguka mashina. Wataalamu huita matandazo. Wakati wa jua matandazo hutunza unyevu. Boga halioni kiu kali, na mvua ikija halinywi kwa pupa. Yasogeze kidogo mbali na shina lenyewe ili lisioze.

Pili, kama una maji karibu, mwagilia kidogo kidogo na kwa kawaida. Ndoo moja kila baada ya siku mbili ni bora kuliko ndoo saba siku moja na kiu siku kumi na tatu. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

Tatu, chimba mfereji mdogo wa kutoa maji kama shamba lako hutuama. Au panda juu ya tuta.

Nne, litie boga kivuli. Wakulima wa maboga ya mashindano hulifunika kwa shuka jepesi. Wewe tumia majani yake, au kitu kikavu kama nyasi ulizozitandika juu ya vijiti. Usilifungie, hewa ipite.

Tano, weka nyasi kavu au mchanga chini ya boga. Ondoa mawe. Kama mtambaazi umeshika ardhi karibu na kikonyo, achia taratibu mizizi michache hapo ili uweze kuinuka boga likikua. Fanya hivi mapema. Usilivute wala kuligeuza boga lililokwisha kuwa zito, utakivunja kikonyo.

Sita, vuna kwa wakati. Boga lililokomaa lina dalili. Kikonyo hukauka na kuwa kigumu kama mti. Ukilibonyeza ganda kwa ukucha, ukucha hauingii. Boga namna hiyo likiachwa lingoje mvua, linangoja hasara. Likate na kipande cha kikonyo, lisiache kidonda mahali pa kuingilia uozo. Lihifadhi mahali pakavu penye hewa.

LIKISHAPASUKA JE?

Usikate tamaa, na usilitupe haraka. Utazame ufa wenyewe.

Ufa ukiwa wa juu juu, haujafika ndani, boga linaweza kujiponya. Huota kovu gumu kama la ngozi ya mtu. Lipanguse likauke, litie kivuli, liachie hewa. Usipake tope wala kinyesi cha ng'ombe. Hivyo huleta uozo. Kisha litazame kila siku. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa boga hauzibiki, lakini ukiuangalia mapema utajua la kufanya.

Ufa ukipenya hadi kwenye mbegu, livune siku ile ile. Kama ni zima na halinuki, ondoa sehemu zilizochafuka, pika mle, gawia majirani. Mbegu unaweza kuzikaanga. Boga lililoota ukungu au linalonuka msile. Na mbegu ya kupanda msimu ujao, ichague kwenye maboga yaliyovumilia mvua ile bila kupasuka, yakakomaa vizuri. Howard Dill alipata sifa kwa kuchagua mbegu kila mwaka. Nasi tunaweza kuchagua: yeye alitafuta ukubwa, sisi tutafute uvumilivu.

TURUDI KWENYE KISA

Bibi shamba alipouliza nani alizinyooshea nyanya kidole, hakuna aliyejibu. Mama alifungua tena daftari lake. Akasoma tarehe 10, kisha 11, kisha 12. Akasema polepole, "Niliandika mimi mwenyewe, na bado sikuyaona."

Jirani akasema, "Na mimi nilikuwa sina hata cha kusoma."

Maboga mawili yalikuwa yamebaki. Jioni ile wote wawili waliyatandikia nyasi. Mama hakupata fedha yote ya sare siku ya gulio. Alipata nusu. Nusu nyingine jirani yake akamkopesha, akasema atalipwa mavuno yajayo.

Ndugu msomaji, boga lililopasuka ni hasara ya msimu mmoja. Ujirani uliopasuka unaweza kuwa hasara ya maisha. Kabla hujamtafuta mwenye jicho au mwenye kidole, uliza maswali matatu: Mvua ilinyesha lini? Kabla yake jua lilikuwa la siku ngapi? Na je, mazao ya wengine yamepasuka pia? Ukiwa umeandika, majibu utakuwa nayo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kikonyo: kishikio kinachounganisha tunda na mmea.
Matandazo: nyasi au majani makavu yanayotandikwa juu ya udongo kutunza unyevu.
Mbelewele: unga wa ua la kiume unaoliwezesha tunda kushika.
Mtambaazi: shina la boga linalotambaa ardhini.
Seli: kijumba kidogo sana kinachojenga kila kiumbe hai.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Andazi linapasuka kwa sababu gani? Linafanana na boga kwa namna gani?
2. Kwa nini boga huonekana limepasuka asubuhi zaidi?
3. Katika kisa, mama alikosea wapi? Jirani naye alikosea wapi?
4. Kijijini kwenu husemwa nini boga likipasuka? Mnaonaje sasa?
5. Ni mambo gani mawili kati ya yale sita mnaweza kuyaanza wiki hii?

HESABU

1. Boga lina kilo 1,247. Ukilipima kwa magunia ya kilo 100, utajaza magunia mangapi? Zitabaki kilo ngapi?
2. Boga linaongeza kilo 20 kila siku. Litaongeza kilo ngapi kwa siku 7?
3. Mama alikuwa na maboga 4. Mawili yalipasuka. Yalibaki sehemu gani ya maboga yote?

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Chukua kamba nyembamba. Kila asubuhi lizungushie boga lako changa, kisha tia alama kwenye kamba mahali inapokutana. Fanya hivyo siku 14. Katika daftari lako andika tarehe, andika kama alama imesogea sana au kidogo, na andika kama usiku ule mvua ilinyesha. Mwisho wa siku 14 soma ulichoandika. Utaona kwa macho yako mwenyewe jinsi boga linavyokunywa mvua.

Majibu ya hesabu: (1) magunia 12, zitabaki kilo 47. (2) kilo 140. (3) nusu.